Mali ya Mke na Hesabu ya Kodi Wakati wa Talaka

Somo letu la safari hii lahusu jambo ambalo wengi wetu hulidharau mpaka likawafika mlangoni. Mume na mke wamo katika kuachana. Mume huchukua pato la mkewe akalitia ndani ya hesabu yake ya kodi ya mapato, pasi na idhini ya mwenyewe, kisha akaipeleka hesabu hiyo Serikalini kana kwamba wawili hao wangali nyumba moja na mfuko mmoja. Watu husema, "Hiyo ni karatasi tu." Sisi twasema kwamba karatasi hiyo ni ushahidi, na ushahidi wa uongo ukinyamaziwa huja ukaitwa kweli.

Twaandika tukiwa pwani, lakini mfano wetu twautoa Kitale na Bungoma. Huko bara ya magharibi wako jamaa zetu wengi, waliokwenda kwa biashara, kwa kazi na kwa ndoa. Na miji hiyo miwili iko karibu, hata mume na mke wakiachana huweza mmoja akabaki Kitale na mwingine akahamia Bungoma, na mambo yao ya fedha yakaendelea kufungamana bila ya wao kuonana uso kwa uso.

MFANO WENYEWE

Tuseme yuko mwanamke wa Mombasa aliyeolewa bara akakaa Kitale. Ana duka dogo la kanga na nguo za watoto, alilolianzisha kwa mahari yake na kwa fedha alizorithi kwa babake. Mauzo yake hayafiki shilingi milioni moja kwa mwaka, na faida yake baada ya kutoa gharama ni shilingi 280,000. Mumewe ni karani Bungoma, na pato lake linalotozwa kodi ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Kwa miaka kadhaa mume ndiye aliyekuwa akiwajazia wote wawili hesabu za kodi, ambazo watu huziita ritani, katika duka la saiba. Namba ya PIN ya mke anayo, na neno la siri la mke analijua.

Oktoba 2024 mume akatoa talaka moja ya rejea, akahamia Bungoma, mke akakaa eda katika nyumba ya Kitale. Januari 2025 eda ikaisha wala mume hakumrejea. Ilipofika Juni 2025, mwezi wa mwisho wa kupeleka hesabu za mwaka 2024, yule mwanamume akajaza fomu yake, akakubali pale panapoulizwa kama mume ataka kutaja pato la mke, akaandika PIN ya mtalaka wake na zile 280,000. Hakumuuliza. Kisha ulipozuka ugomvi wa mali, akaitoa karatasi ile akasema, "Tazameni, duka hili lilikuwa katika hesabu yangu."

Twauliza: je, amefanya haki? Na mwanamke yule afanye nini?

ASILI YA MALI YA MKE

La kwanza la kujulikana ni kwamba katika sheria yetu ndoa haichanganyi mali. Sura ya An-Nisaa, katika aya ya 32, yatufahamisha kuwa mwanamume ana fungu la alichochuma na mwanamke ana fungu la alichochuma. Aya ya 4 ya Sura hiyo hiyo yaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na mume hana halali katika mahari ila kile ambacho mke amemwachia kwa radhi ya nafsi. Mke ana haki ya kununua, kuuza, kukopesha na kuweka wakfu kwa jina lake, na nafaka ya nyumba iko juu ya mume hata mke akiwa tajiri kumshinda.

Nasi watu wa pwani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi wa jambo hili. Serikali ya kikoloni ilipoleta sheria ya kuandikisha ardhi za pwani mwaka 1908, miongoni mwa waliojitokeza kudai nyumba na mashamba kwa majina yao walikuwamo wanawake wa Kiislamu. Bibi zetu walikuwa na minazi yao, nyumba zao na wakfu zao, na waume zao wakilijua hilo.

Uingereza haikuwa hivyo. Huko mke alipoolewa, mali yake nyingi iliingia mkononi mwa mumewe kwa nguvu ya sheria, mpaka ilipopitishwa sheria ya mwaka 1882 iliyompa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Lakini hata baada ya hapo, katika mambo ya kodi, pato la mke liliendelea kuhesabiwa kuwa ni pato la mume hadi mwaka 1990. Ujerumani Magharibi, mahakama yao kuu ya katiba iliikataa mwaka 1957 kanuni ya kuwajumlisha mume na mke kwa lazima katika kodi, kwa kuwa iliwaadhibu watu kwa kosa la kuoana. Basi na ijulikane kwamba kumwandika mke ndani ya hesabu ya mume ni desturi iliyoletwa kutoka nje. Haikutoka katika dini yetu wala katika ada ya wazee wetu.

SHERIA YA KENYA ILIVYOKUJA

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973, iliyoanza kutumika Januari 1974, iliichukua desturi hiyo ya Kiingereza. Kifungu chake cha 45 kiliandika kwamba pato la mke anayekaa na mumewe lihesabiwe kuwa ni pato la mume, na kodi yake atozwe mume. Katika kifungu hicho mna mambo matatu yanayofaa kushikwa vizuri.

Kwanza, mke hakuhesabiwa kuwa anakaa na mumewe ikiwa wametengana kwa amri ya mahakama, au kwa mapatano ya maandishi, au kwa hali inayoonyesha kuwa utengano wao ni wa moja kwa moja.

Pili, baadaye iliongezwa ruhusa ya wazi: mke akichagua kupeleka hesabu yake mwenyewe, kanuni ile ya kumjumlisha na mumewe haimhusu, hata kama angali katika nyumba ya mume.

Tatu, na hili wengi hawalijui, ikiwa kodi haikupatikana kwa mume, sheria iliruhusu mke adaiwe sehemu ya kodi ile kwa kadiri ya pato lake lilivyo ndani ya jumla.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 27 chakataza ubaguzi baina ya mwanamume na mwanamke, na cha 45 chasema kuwa mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa, na wakati wa kuvunjika ndoa. Kwa ajili ya maneno hayo kanuni ya mwaka 1973 imebishaniwa mahakamani. Lakini mwenye kutaka salama asingoje mabishano ya wanasheria: ruhusa ya kupeleka hesabu yake peke yake anayo, na aitumie.

TUFANYE HESABU

Ili msomaji asidhani kuwa twazungumza maneno matupu, tupige hesabu ya mfano wetu kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023, tukiyaacha makato na nafuu nyingine. Shilingi 288,000 za mwanzo za mwaka hutozwa asilimia 10. 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Zinazozidi hapo, kwa watu wa kadiri hii, hutozwa asilimia 30. Kisha kila mtu hupunguziwa shilingi 28,800 kwa mwaka.

Mke akijihesabia peke yake, asilimia 10 ya 280,000 ni 28,000. Nafuu yake ya 28,800 yaifuta yote. Hadaiwi hata shilingi moja.

Mume akijihesabia peke yake kwa 600,000, kodi ni 28,800 na 25,000 na 63,600, jumla 117,400. Akipunguziwa 28,800 hubaki 88,600.

Sasa faida ya mke ikiwekwa juu ya pato la mume, yote 280,000 huangukia katika asilimia 30, nayo ni shilingi 84,000 zaidi, na nafuu ya mke haikuhesabiwa. Jumla ya kodi yawa 172,600. Na lau mume atashindwa kulipa, fungu la mke kwa ile kanuni ya mwaka 1973 ni kiasi cha shilingi 54,900. Tazama basi: mwanamke ambaye hakuwa na deni lolote aweza kubebeshwa deni la karibu faida ya miezi miwili na nusu ya duka lake, kwa kalamu ya mtu ambaye si mumewe tena.

Huenda mtu akasema, "Mume naye amejitia hasara, kwa nini afanye hivyo?" Twajibu kuwa wako wanaofanya kwa mazoea, hawakupiga hesabu. Na wako wanaofanya kwa kukusudia, kwani shilingi 84,000 ni thamani ndogo kwa mwenye kutaka kupata duka zima, au kwa mwenye kutaka kuonyesha kuwa mke ana pato kubwa ili akwepe haki zilizo juu yake.

JE, MUME ANA UDHURU?

Mume aweza kuleta hoja tatu, na insafu yataka tuzisikilize.

Hoja ya kwanza: "Mwaka 2024 ulipokwisha alikuwa mke wangu, kwani alikuwa bado katika eda." Ni kweli kwamba mwanamke wa talaka ya rejea, akiwa ndani ya eda, ana hukumu nyingi za mke: ana haki ya makazi na nafaka, na mmoja akifa mwingine humrithi. Lakini hata mke aliye kitandani mwa mumewe mali yake ni yake. Zaidi ya hayo, aliposhika kalamu mwezi wa Juni eda ilikuwa imekwisha. Alikuwa akiandika mali ya mwanamke ajinabi.

Hoja ya pili: "Miaka yote nilikuwa nikimjazia, wala hakukataa." Hiyo ilikuwa wakala, na wakala ni mapatano ambayo mwenye mali aweza kuyavunja wakati wowote. Tena wakala ule ulikuwa wa kumjazia mke hesabu ya mke. Haukuwa ruhusa ya kuichukua faida yake na kuiingiza katika hesabu ya mume. Mwenye kupewa ufunguo wa nyumba ili amwagilie maua hakupewa nyumba. Na neno la siri ni mfano wa mlango. Nasi tumefundishwa katika Sura ya An-Nur, aya ya 27, kuwa nyumba ya mtu haiingiwi ila kwa kubisha hodi na kupewa ruhusa. Sheria ya nchi nayo, ile ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta, yahesabu kuwa ni jinai kuingia katika hesabu ya mtu bila ya idhini.

Hoja ya tatu: "Kodi nimelipa mimi, basi nina haki katika duka." Hoja hii haisimami. Katika madhehebu ya Shafii, mwenye kulipa deni la mtu bila ya kuamriwa naye huhesabiwa kuwa amejitolea, wala hana la kumdai. Iwapo deni lenyewe hana haki ya kulirudishiwa, atapata wapi haki ya kuchukua duka?

Hapana shaka kuwa mwenye kuitumia karatasi ile mbele ya Kadhi hali ajua ukweli amelifikia lile lililokatazwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 188: kumfanya hakimu kuwa ngazi ya kuipandia mali ya mwenzako.

MILANGO MIWILI

Wengi hupotea hapa, kwa hiyo twaomba msomaji asome kwa utuvu. Jambo hili lina milango miwili, na kila mlango una kazi yake.

Mlango wa kwanza ni wa Kadhi. Katiba, katika kifungu cha 170, yampa Kadhi mamlaka juu ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 nayo yamruhusu Mwislamu kuhukumiwa kwa sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Basi suala la duka ni la nani, mahari, nafaka ya eda na kitoka nyumba, hayo yapelekwe huko.

Mlango wa pili ni wa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Kadhi hawezi kuifuta hesabu ya kodi, na mtu wa kodi hawezi kuhukumu duka ni la nani. Mwenye kwenda mlango mmoja akauacha wa pili amefanya nusu ya kazi.

LA KUFANYA

Mwanamke wa mfano wetu, na kila aliye katika hali kama yake, twamnasihi afanye haya kwa utaratibu.

Kwanza, auvunje ule wakala kwa maandishi. Aandike barua fupi kwa aliyekuwa mumewe: kuanzia tarehe fulani hana idhini ya kumjazia wala kulitaja pato lake katika hesabu yoyote. Abaki na nakala, na mashahidi wawili watie sahihi. Barua hii ni bora iandikwe mwanzo wa eda, kabla ya madhara kutokea.

Pili, abadilishe neno la siri, na ahakikishe kuwa barua pepe na namba ya simu zilizoandikwa kwa PIN yake ni zake, si za mume wala za kijana wa saiba. Akishindwa, aende ofisi ya kodi au Huduma Centre ya mji wake akiwa na kitambulisho. Kitale iko na Bungoma iko.

Tatu, apeleke hesabu yake mwenyewe kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hadaiwi kitu. Mwenye kuchelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Na ikiwa mtu mwingine amekwisha kupeleka hesabu isiyo sawa kwa PIN yake, sheria yaruhusu kuomba hesabu hiyo isahihishwe.

Nne, aiandikie KRA kueleza kuwa pato lake limetajwa katika hesabu ya mtu mwingine bila ya ridhaa yake. Aambatishe hati ya talaka yenye tarehe, leseni ya biashara ya kaunti, risiti za kodi ya duka, na taarifa ya M-Pesa au ya benki. Hapa ndipo faida ya kuandikisha talaka inapoonekana. Talaka ya mdomo iliyosemwa jikoni ni talaka mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini mtu wa kodi hakuwako jikoni.

Tano, akipelekewa barua ya kudaiwa kodi, asiiweke chini ya godoro. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yampa siku 30 kupinga kwa maandishi. Kamishna naye ana siku 60 za kutoa uamuzi. Asiporidhika, ana siku 30 za kwenda Baraza la Rufaa za Kodi, na kutoka hapo Mahakama Kuu. Siku hizo zikipita kwa kungoja shauri la wazee, shauri likija huenda likamkuta amekwisha kupoteza haki yake.

Sita, asilipe uongo kwa uongo. Zile 280,000 ni zake, na azitaje zote. Mwenye kuificha faida yake kwa KRA kisha akaidai mbele ya Kadhi ameyavunja maneno yake mwenyewe.

NENO KWA WAUME NA KWA MAWALII

Twawakumbusha ndugu zetu waume kuwa Qur'ani imetaja njia mbili tu za kukaa na mke: kumshika kwa wema au kumwacha kwa wema. Hakuna ya tatu ya kumwacha na kuendelea kushika mfuko wake. Mwenye kosa kama hili aisahihishe hesabu yake kwa hiari. Huo ni ujasiri, na ni nafuu kwake pia, kwani zile 84,000 katika mfano wetu zingalirudi mfukoni mwake.

Na mawalii, mnapomwoza binti, msitazame mahari na nguo tu. Mfundisheni kutunza karatasi zake: PIN yake, leseni yake, risiti zake na neno lake la siri. Mume mwema hatachukia, kwani amana iliyoandikwa huwalinda wote wawili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Al-Baqara, imekuja kutuamrisha kuandika madeni. Vipi basi tuone haya kuandika mali zetu?

MASWALI YA DARASA

1. Mke aliyekubali kujaziwa hesabu na mumewe kwa miaka kumi, je, amempa haki gani katika mali yake? Toa dalili.

2. Ni lipi katika mfano wetu la kupelekwa kwa Kadhi, na lipi la kupelekwa KRA?

3. Talaka ya rejea imetolewa Disemba na eda yaisha Machi. Mwanamke afanye nini katika miezi hiyo ili hesabu ya Juni isimdhuru?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuijua haki na kuifuata. Wallahu aalam.